Mchezaji wa Kumi na Tatu

Nyumba ya Bwana Madi pale Shela iliamka mapema. Sala ya alfajiri ikisha, Bwana Madi aliwatoa punda wake wawili uani, akawatandika shogi, yale makapu ya mizigo ya mgongoni, na kuanza kuzijaza chokaa ya kupeleka Amu, yaani mji wa Lamu, ambako watu walikuwa wakijenga. Mkewe, Bi Kulthum, aliwasha moto wa chai. Binti yao, Swafiya, alikwenda kisimani na ndoo mbili. Bibi Mwanamkisi, mama yake Bwana Madi, aliketi ukumbini akivuta tasbihi na kusikiliza nani ametoka na nani amerudi, maana macho yake yalikuwa yameingia ukungu na hakuona vizuri tena.

Gharib, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, alikunywa chai yake, akachukua mkoba wa vitabu na kushika njia ya ufukweni kwenda shule Amu. Hakuwa na kazi nyingine asubuhi ile. Zamani haikuwa hivyo. Hadi mwezi wa Mei, mwaka huo wa 1966, yeye ndiye aliyemwongoza punda wa pili, na jioni yeye ndiye aliyeteka maji.

Mambo yalibadilika Mwalimu Wafula alipowaita vijana wa shule zote za visiwani waje kujaribiwa mpira. Mwalimu huyu alitoka bara, Bungoma, na alikuwa mpole darasani lakini mkali uwanjani. Walikuja vijana sitini, wengine kutoka mbali kama Faza na Mbwajumali. Kumi na watatu walichaguliwa kuwa timu ya vijana wa visiwa. Jina la Gharib lilisomwa la mwisho.

Jioni ile alifika nyumbani akihema. "Baba, nimechaguliwa! Lakini mazoezi ni Jumanne na Alhamisi, na kila Jumamosi kuna mechi."

Bwana Madi aliwatazama punda wake. Kisha akasema, "Punda wawili hawanishindi. Nenda ukacheze."

"Na maji nitateka mimi," akasema Swafiya. "Lakini fulana yako ikichafuka, usinitupie kama gunia. Unipe mkononi."

Bi Kulthum alikuwa na kipande cha kitambaa cheupe cha amerikani alichokiweka kwa ajili ya foronya. Alikikata siku hiyo hiyo, akamshonea mwanawe fulana yenye utepe wa buluu shingoni.

"Na mimi nitoe nini?" akauliza Bibi Mwanamkisi, akiyagusa macho yake. "Sina nguvu, sina mato."

"Wewe utatuombea dua, Bibi," akajibu Gharib.

"Dua nitaomba. Ila nataka ujira wangu. Kila Jumamosi uniletee habari za mpira, neno kwa neno."

Jumamosi ya kwanza Gharib alivaa fulana yake mpya, akaenda uwanjani. Kando ya uwanja paliwekwa benchi lililotolewa darasani. Mwalimu Wafula alisoma majina kumi na moja. Mawili yaliyobaki yalikuwa ya wachezaji wa akiba, nao waliambiwa wakae benchi. Gharib alikuwa mmoja wao. Nafasi yake, winga wa kulia, ilichukuliwa na Rufus, mtoto wa askari polisi aliyekaa kwenye nyumba za serikali. Rufus alikimbia kama aliyeitwa nyumbani kula. Alitia goli moja, mechi ikaisha, na Gharib hakuinuka benchini hata mara moja.

Njiani kurudi Shela alijifunza maneno ya kusema: "Sikucheza leo, lakini huenda wiki ijayo." Aliyarudia mara nyingi mpaka yakawa mepesi mdomoni. Lakini alipovuka kizingiti tu, Bibi alimtambua kwa nyayo zake.

"Mume wangu, ndoo!" akaita, akimpungia mkono aje, kwa utani wa mabibi na wajukuu wao. "Yeo umetia mangapi?"

Bwana Madi, aliyekuwa akinawa miguu uani, aliacha kunawa. Bi Kulthum alitoka jikoni na mwiko mkononi. Swafiya naye alisimama na ndoo yake. Gharib aliwatazama wote, na yale maneno aliyojifunza akayaacha.

"Moja, Bibi," akasema.

Bibi alipiga kigelegele hadi jirani akachungulia. Ikambidi Gharib aeleze. Alichukua goli la Rufus, akalifanya lake, na Rufus akamfanya ndiye aliyempa mpira. Alisimulia vizuri sana. Usiku huo alipewa kipande kikubwa cha samaki, na kila alipotafuna aliona kama anakula chakula cha mtu mwingine.

Jumamosi ya pili uongo ulikuwa rahisi zaidi. Ya tatu hakufikiri hata kidogo. Zilipita mechi sita, na katika zote Gharib alicheza dakika nne tu, siku Rufus alipotokwa na damu puani. Lakini pale ukumbini kwa Bibi alikuwa ametia magoli matano. Tatizo likawa fulana. Mchezaji wa magoli matano hawezi kurudi na fulana nyeupe kama ya sikukuu. Kwa hiyo kila Jumamosi, alipokaribia Shela, alitazama nyuma na mbele, akalala ufukweni akajibiringisha kwenye mchanga, kisha akaenda nyumbani.

Siku moja Swafiya alimfuata uani na fulana mkononi.

"Gharib, uwanja wa Amu una udongo gani?"

"Vumbi la kijivu. Kwa nini?"

"Kaka yake rafiki yangu mmoja wa chuo cha Kurani hucheza uwanja huo huo. Dada mtu huifua fulana yake mara tatu, na maji hutoka kama ya majivu. Yako naikung'uta tu. Huu ni mchanga wa pwani yetu, mweupe, una hata vipande vya magamba ya kaa." Akashusha sauti. "Wewe huchezi, sivyo?"

Gharib alitazama chini. "Usimwambie Bibi."

"Sitamwambia. Hilo ni lako wewe. Lakini Bibi akiniuliza, sitasema uongo."

Gharib aliahidi kwamba atasema mwenyewe, karibuni. Siku zikapita bila kusema. Kisha, mwishoni mwa Julai, Bwana Madi alirudi kutoka Amu akiwa na furaha isiyo ya kawaida.

"Nimesikia timu ya vijana wa Malindi inakuja Jumamosi," akasema. "Nimemwambia fundi wangu siku hiyo asinitegemee, sipeleki chokaa. Punda mmoja atambeba Mama. Wanawake watatazama kutoka darini kwa dada yangu, nyumba yake inapakana na uwanja. Nyumba nzima tunakwenda kumtazama Gharib!"

"Na mimi Swafiya atanieleza," akasema Bibi, akapiga makofi kama mtoto.

Gharib alilirudisha tonge lake sahanini.

Alhamisi, baada ya mazoezi, alingoja wenzake waondoke, akamwendea Mwalimu Wafula aliyekuwa akifunga mipira kwenye wavu.

"Mwalimu, Jumamosi jamaa zangu wote wanakuja. Naomba nianze mimi."

Mwalimu aliacha alilokuwa akifanya. "Wanakuja wote? Hilo jambo zuri. Lakini niambie, Gharib: nikikuanzisha kwa sababu baba yako anakuja, nitamwambia nini Rufus? Kwamba amekimbia miezi miwili, lakini baba yake yuko zamu?"

"Mimi pia nimefanya mazoezi, Mwalimu. Sijakosa hata siku moja."

"Ni kweli, na ndiyo maana sijakutoa. Lakini mguu wako wa kushoto unalala. Na ukinyang'anywa mpira unasimama kuusikitikia, wakati mwenzako anakimbia nao. Rekebisha hayo mawili, nafasi itakutafuta yenyewe. Jumamosi utakuwa akiba. Nikikuhitaji, nitakuita."

Gharib alirudi nyumbani polepole. Kabla hajafika Shela alikuwa amepata njia nyingine, mbaya kuliko ya kwanza.

Ijumaa asubuhi hakuamka. Alijikunja kitandani akashika tumbo. "Mama, linanikata," akasema. Alidhani mambo yatakwisha hapo: mgonjwa hachezi, na mtu asiyecheza hatazamwi. Lakini hakuwa amewahesabu watu wa nyumba yake. Bi Kulthum aliacha kofia aliyokuwa akishona, akamchemshia maji ya tangawizi na bizari nyembamba. Swafiya alimletea mto wake mwenyewe. Alimtazama sana, akatoka. Bwana Madi, kabla ya kutoka na punda, aliinama mlangoni akasema, "Pumzika, mwanangu. Mpira upo tu." Bibi Mwanamkisi alikokota mkeka wake hadi kando ya kitanda, akaketi akamsomea, mkono wake mwembamba juu ya tumbo lisilouma.

Alasiri ikasikika sauti mlangoni. "Hodi! Hodi wenyewe!"

Alikuwa Rufus. Alitembea kutoka Amu baada ya shule, na mkononi alikuwa na machungwa matatu.

"Shikamoo, Bibi. Mimi ni Rufus. Nimesikia Gharib anaumwa."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiwe Rufus?" Uso wa Bibi ulichangamka. "Karibu, karibu sana! Nakujua kama nimekuzaa. Wewe ndiwe unayempa mjukuu wangu mipira, naye akatia magoli. Lile goli la mechi na Matondoni, ulimpa kwa kichwa, sivyo?"

Goli la mechi na Matondoni alilitia Rufus mwenyewe. Alimtazama Gharib, na Gharib akageuza uso ukutani. Rufus aliyatazama machungwa yake.

"Ndiyo, Bibi," akasema polepole. "Nilimpa kwa kichwa. Gharib anatusaidia sana."

Gharib alisikia maneno yale yakimwingia kama mwiba. Uongo wake mwenyewe alikuwa ameuzoea. Lakini kumsikia Rufus, aliyetembea mwendo wote ule kumletea machungwa, akilitoa goli lake mwenyewe ili amfichie aibu, hilo hakuweza kulivumilia. Akaketi kitandani.

"Bibi, Rufus amesema hivyo kwa ajili yangu. Si kweli. Mimi sijatia goli hata moja. Sichezi. Mimi ni wa akiba, nakaa benchi. Na tumbo haliniumi."

Bi Kulthum, aliyekuwa mlangoni na bilauri ya tangawizi, aliiweka chini. Vidole vya Bibi viliacha kuvuta tasbihi. Rufus alitamani ardhi immeze.

"Magoli matano?" akauliza Bibi mwishowe.

"Hakuna, Bibi."

"Na mimi nimewasimulia wanawake wote wa mtaa huu." Machozi yalimlenga bibi yule. "Nimekaa hapa Jumamosi sita nikifurahi, na kumbe nafurahia kitu ambacho hakipo."

Gharib alianza kulia. Bibi alimwacha alie kidogo, kisha akanyoosha mkono akautafuta uso wake, akaufuta kwa ncha ya leso. "Mimi umeniambia, vema. Baba yako bado. Nenda ukamwambie wewe mwenyewe, kabla hajafika hapa akaambiwa na wengine. Rufus, mwanangu, keti ule chungwa. Wewe ni rafiki mwema, lakini usiseme uongo tena kwa ajili ya mtu, hata akiwa huyu wangu."

Gharib alimkuta baba yake ufukweni, akirudi na punda wawili. Mmoja alikuwa hataki kwenda, na Bwana Madi alikuwa akimvuta huku akimzuia mwingine asiingie majini. Jasho lilikuwa limemlowesha kanzu mgongoni. Ndipo Gharib alipoona, kwa mara ya kwanza, kazi aliyomwachia baba yake. Alishika kamba ya punda mkaidi, na wakitembea akasema yote tangu mwanzo, hata habari ya kujibiringisha mchangani.

"Umecheza dakika ngapi?" akauliza baba.

"Nne."

"Katika kila mechi?"

"Katika mechi zote, Baba."

Bwana Madi alisimama. "Kule Amu, mtaa wa Langoni, nimegombana na fundi wangu kwa ajili ya magoli yako. Alisema hajasikia jina la Gharib. Nikamwambia masikio yake yameziba chokaa."

"Nisamehe, Baba."

"Nitakusamehe. Lakini sasa hivi nimekasirika. Niache nikasirike mpaka nyumbani."

Walipofika mlangoni, Bwana Madi aliwafungua punda shogi tupu, akapiga kofia yake magotini ikatoa vumbi jeupe, akasema, "Kesho tutakwenda vile vile."

"Lakini Baba, pengine sitacheza kabisa!"

"Nimesikia. Tutakwenda."

Jumamosi alasiri uwanja wa Amu ulijaa. Bibi Mwanamkisi alifika juu ya punda, buibui lake likipepea, Swafiya akimshika upande mmoja na Bi Kulthum upande wa pili. Wanawake wakapanda darini. Bwana Madi alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Wafula, na Gharib, aliyekuwa akipanga ndoo za maji kando ya benchi, alishikwa na hofu. Baba yake atamwomba mwalimu amchezeshe?

"Mwalimu, mimi ni baba yake Gharib. Nina swali moja tu. Mtoto wangu ana adabu hapa?"

"Ana adabu na bidii, Bwana Madi. Bado hajawa mwepesi kama Rufus. Mguu wa kushoto unamwangusha."

"Basi nimeelewa. Kazi ya kuchagua ni yako, siingii humo." Wakapeana mikono, na Bwana Madi akaenda kusimama na watazamaji wengine.

Mechi ikaanza. Wakati wa mechi zilizopita, Gharib alikuwa akikaa benchini akitunga hadithi ya kwenda kusimulia nyumbani. Leo hakuwa na hadithi ya kutunga, kwa hiyo aliutazama mchezo wenyewe. Malindi walitia goli mapema. Lakini Gharib aliona kitu. Beki wao aliyemkaba Rufus alikuwa na nguvu, ila kila alipogeukia ndani alichelewa.

Wakati wa mapumziko aliwapelekea wenzake maji, akachuchumaa karibu na Rufus. "Usimpite kwa nje. Mwingilie ndani, hageuki upesi."

Rufus aliitikia kwa kichwa. Dakika kumi baada ya mapumziko alifanya hivyo hivyo. Beki alibaki nyuma, Rufus akampasia Barka, kijana wa Mbwajumali, naye Barka hakukosea. Sasa ni goli moja kwa moja! Gharib aliruka hadi benchi likapinduka na mwenzake wa akiba juu yake.

Zikiwa zimebaki dakika saba, Rufus alishikwa na mkakamao wa mguu akakaa chini. "Gharib!" Mwalimu Wafula akaita. "Na ukinyang'anywa mpira, fanya nini?"

"Nisiusikitikie, Mwalimu."

"Ingia."

Mpira wa kwanza ulimfikia, akaurudisha salama kwa Barka. Wa pili aliupokea kwa mguu wa kushoto. Ukamtoka. Winga wa Malindi akauchukua akakimbia nao, na watazamaji wakaguna. Gharib hakusimama. Alimfukuza uwanja mzima, kifua kikimwaka, akamfikia karibu na lango na kuutoa mpira nje, wakaanguka wote wawili. Huo ukawa mpira wake wa tatu na wa mwisho. Kona ilipigwa, kipa akaidaka, na kipenga kikalia. Mechi ilikwisha sare, goli moja kwa moja.

Baada ya mechi walikusanyika ukumbini kwa shangazi. Kahawa ilikuwa ikimiminwa, na Rufus alikuwepo pia, mguu wake ukisuguliwa mafuta ya nazi na Bi Kulthum.

"Haya," akasema Bibi. "Umegusa mipira mingapi?"

"Mitatu, Bibi. Mmoja nilinyang'anywa."

"Swafiya naye ameniambia mitatu." Bibi akatabasamu. "Mitatu hii ni mitamu kuliko yale matano."

Bwana Madi aliweka kikombe chake chini, akamvuta mwanawe akae karibu naye.

"Gharib, nisikilize. Sikuwaongoza punda wawili peke yangu ili uniletee magoli. Dada yako hakuteka maji kwa ajili ya magoli, wala mama yako hakukata kitambaa chake kwa ajili hiyo. Tulifanya hivyo kwa sababu unaupenda mpira, na unachokipenda wewe kinatuhusu sisi. Kuanzia kesho, siku zisizo na mazoezi utateka maji na kunisaidia mizigo, maana msaada wa nyumba ni wa kupokea na kutoa. Hilo la kwanza."

"Naam, Baba."

"La pili ni kubwa zaidi. Ukikaa benchi, sisi sote tumekaa nawe. Ukiingia, tumeingia nawe. Lakini ukituambia uongo, unatuacha mbali, hatujui tukupe pole au tukupe hongera. Mtu wa kweli hata akishindwa ana wenzake. Mwongo, hata akisifiwa, yuko peke yake."

Gharib aliinamisha kichwa, na safari hii hakuwa na aibu ya kulia mbele ya Rufus. Muhula uliofuata Mwalimu Wafula alimfundisha kupiga mpira kwa mguu wa kushoto, ukutani, mara mia kila siku ya mazoezi. Kati ya mechi nane alianza mbili, akaingia katika tatu, na tatu hakucheza kabisa. Habari za zote nane alizipeleka nyumbani kama zilivyokuwa.